Propela imegonga ardhi: injini ifunguliwe?

Swali: Wakuu, ndege ndogo yenye injini ya Lycoming O-320, propela imegonga ardhi injini ikizunguka polepole (sailensa). Ncha moja imepinda kidogo. Flenji (bamba inapofungwa propela) ya krankshafti, shafti kuu ya injini, tumeipima, imenyooka. Tubadilishe propela turuke?

Jibu: Msiruke. Kipimo hicho kinaonyesha mpindo, ufa hakiuoni. Agizo la FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), AD 2004-10-14, linalazimisha kukagua gia ya nyuma ya krankshafti, pini yake na nyuzi za tundu la bolti. Bolti na kifungio chake viwe vipya. Gia ikiachia, kamshafti (inayofungua vali) na magneto (zinazotoa cheche) zinasimama, injini inazima hewani.

Jibu: Hicho ni kiwango cha chini. Lycoming yenyewe inashauri ifunguliwe yote; krankshafti ikaguliwe nyufa kwa sumaku.

Swali: Na propela ikigonga nyasi ndefu?

Jibu: Mizunguko ya injini ikishuka ghafla, hilo nalo linahesabika kuwa propela imegonga.