Mjadala: soda zitolewe kantini za shule au tunazionea tu?

Wakuu habari za muda huu. Kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu kimeleta hoja kantini iache kuuza soda maana watoto meno yanaisha, aisee kikao kikagawanyika, wengine wanasema mbona sisi tumekula miwa na kashata na meno tunayo. Mi nasema zitolewe.

Chupa ya kola ya 350ml ina kama gramu 37 za sukari, vijiko 9 vya chai hivyo, na WHO wanashauri ikiwezekana mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku. Ila kinachoniuma zaidi ni unywaji wenyewe. Hizi za plastiki zenye kifuniko mtoto anafungua saa nne mapumziko, anapiga funda, anafunga, anatia kwenye begi, akitoka chooni funda lingine, mpaka saa nane robo bado ipo. Kila funda bakteria wa mdomoni wanageuza ile sukari kuwa asidi, na soda yenyewe ni asidi tayari, pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya kola ni kama 2.5 wakati tabaka la juu la jino linaanza kuyeyuka ikishuka chini ya 5.5 hivi. Mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuweka mambo sawa, sasa yatapumua saa ngapi? Anayenunua ya kioo kwa Mangi akainywa palepale amesimama akarudisha chupa ana nafuu.

Mchangiaji 1: Sasa mkuu mkizitoa si watavuka barabara kwenda kwa huyo huyo Mangi? Na chai ya vijiko vinne nyumbani mbona hamuisemi? Halafu msibebeshe soda kila kitu, sisi wa Arusha meno ya kahawia tunayo toka utotoni na soda tulikuwa tunaiona Krismasi.

Mleta mada: Ya Arusha ni floraidi, madini ya kwenye maji, inaliharibu jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, hiyo sio kuoza, tusichanganye. Chai unakunywa na kitafunwa inaisha, ingawa vijiko vinne nayo ni balaa. Na getini kuna mlinzi, hatoki mtu mpaka kengele.

Mchangiaji 2: Hii kazi ya serikali bana, shule moja moja tutazeeka. Mexico walianza 2014 na ushuru wa peso moja kwa lita, Afrika Kusini toka 2018 wanatoza kwa gramu za sukari. Tufanye hivyo hivyo.

Mleta mada: Ya gramu naiunga mkono, Uingereza walipoanza 2018 kampuni nyingi zilipunguza sukari zenyewe. Ila asidi haiguswi na ushuru, hata zile zisizo na sukari kabisa zinakula jino, ndo maana nasema shuleni maji. Na yule mama aliyeshauri kikaoni watoto wapige mswaki mara tu baada ya soda, hapana jamani, jino linakuwa limelainika unalisugua, asukutue maji kwanza asubiri kama saa nzima.

Kura tunapiga kikao kijacho na mwenye kantini kashasema soda ndo inamlipia pango. Kama kuna shule imeshazitoa, aje mtu aseme kantini yao inauza nini sasa hivi na inalipa?