Rosella na seli za H9c2: MTT inanipa 130%

mchambua_mimea: Habari wakuu. Napima kama dondoo la rosella linakinga seli za H9c2 (moyo wa panya) zisiuawe na haidrojeni peroksaidi. Dondoo linakaa na seli saa 24, naongeza peroksaidi 400 µM humo humo kwa saa 4, kisha MTT (rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau). Vishimo vyenye dondoo na peroksaidi vinasoma 130% ya seli zisizotiwa kitu, vyenye peroksaidi pekee 85%. Kasoro iko wapi?

benchi_la_seli: Hiyo 130% usiiamini, mkuu. Polifenoli (kemikali za mimea, zimo kwenye rosella) hugeuza MTT kuwa zambarau hata pasipo seli. Weka midia (kimiminika cha kulishia seli), dondoo na MTT kwenye vishimo vitupu utaona mwenyewe. Isitoshe, wekundu wa rosella hunyonya mwanga karibu na 520 nm, nawe unasoma 570. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli), taratibu, maana seli zilizojeruhiwa hung'oka. Weka MTT 0.5 mg/ml kwenye midia mpya, saa 3 kwa nyuzi 37, mwaga, yeyusha fuwele za zambarau kwa kiyeyusho cha DMSO 100 µl. Kisha hakikisha kwa kipimo kingine, kama LDH (kimeng'enya kinachovuja seli zikifa).

tone_la_pipeti: Hiyo 85% mimi naishuku midia. Soma lebo: ikiwa na sodiamu piruveti 1 mM, peroksaidi yako imeliwa kabla haijafanya kazi, kwani zinamalizana molekuli kwa molekuli. Tumia DMEM (aina ya midia) isiyo na piruveti, na uondoe seramu wakati wa shambulio. Peroksaidi ya 30% ni kama 9.8 M: changanya 10 µl na maji 970 µl upate takriban 100 mM, halafu 4 µl kwa kila ml ya midia. Tengeneza siku ile ile.

benchi_la_seli: Naam, piruveti nilikuwa nimeisahau.

daktari_wa_mitokondria: Kubwa zaidi ni hilo la "humo humo". Dondoo likikutana na peroksaidi nje ya seli linaimaliza huko huko, kwa hiyo hujaonyesha kinga ya seli yoyote. Ondoa dondoo, osha, ndipo ushambulie. Kinga ikibaki, tafuta Nrf2 (protini inayowasha jeni za ulinzi) ndani ya kiini na ongezeko la HO-1 (kimeng'enya cha ulinzi inachowasha). Jambo jingine: polifenoli zikikaa kwenye DMEM huoksidika na kuzalisha peroksaidi zenyewe, na kiasi kidogo chake huweza kuamsha ulinzi wa seli. Kwa hiyo weka vishimo vya dondoo pamoja na katalesi (kimeng'enya kinachovunja peroksaidi) kwa zile saa 24. Kinga ikitoweka humo, iliyoamsha seli ni peroksaidi hiyo, si anthosianini (ule wekundu wa rosella).