Siku moja Takayama, Japani: nipige picha wapi na saa ngapi? Naombeni ushauri

MwangaWaMeru (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga picha, niko Arusha, na kazi yangu kubwa ni harusi na picha za familia. Mwishoni mwa Oktoba naenda Japani kumtembelea dada yangu anayesoma Nagoya. Ameniambia kuna mji wa zamani unaitwa Takayama, uko milimani katika mkoa wa Gifu, umejaa nyumba za mbao nyeusi, na kutoka kwake ni treni ya kama saa mbili na nusu.

Nimepanga niende asubuhi nirudi jioni. Siku inayofuata nishuke Kyoto, mtaa wa Gion, nikawapige picha wale geisha, wasanii wa kike wa jadi, wakiwa barabarani.

Nina kamera moja, lenzi ya milimita 35, nyingine ya 85, na tripodi ndogo. Nimezoea kupiga watu waliojipanga wakanisubiri. Mji wenyewe, bila mtu wa kunitazama, sijawahi kuupiga nikaridhika. Nataka nirudi na picha kumi tu za kutundika studio, na zisiwe zile ambazo kila aliyepita pale anazo. Waliofika naombeni mnielekeze.

Nagoya_MwakaWaSita

Mkuu karibu sana huku. Takayama nimepanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na jambo la kwanza nakuomba ubadilishe ni hilo la kwenda na kurudi. Lala kule. Hata ukiwahi treni ya mapema unafika mida ya saa nne asubuhi, na saa nne ndiyo mabasi ya watalii yanashusha. Utapiga migongo ya watu. Jioni wakianza kuondoka na wewe unakimbilia treni.

Ukilala, amka mapema. Mwishoni mwa Oktoba jua linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi, ila mji uko bondeni kati ya milima, kwa hiyo linachelewa kugusa mitaa. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshafika Nakabashi, lile daraja jekundu la mto Miyagawa. Usilipige ukiwa juu yake. Sogea hadi daraja linalofuata upande wa kaskazini, geuka, tumia ile 85. Msimu huo majani yanakuwa yameanza kugeuka rangi, na asubuhi nyingi ukungu unalala juu ya mto. Rangi nyekundu ndani ya ukungu haipigi kelele, inakaa kama kaa la moto chini ya majivu.

Kisha ingia Sanmachi, mitaa ya wafanyabiashara wa enzi za Edo, yaani miaka ya 1603 hadi 1868. Mtaa unaopendwa zaidi ni Kamisannomachi. Upite kabla ya saa mbili. Maduka yanakuwa yamefungwa, na hiyo ndiyo bahati yako, kwa sababu unabaki na mbao, vimiani vya madirisha na mifereji midogo ya maji inayopita pande zote mbili za njia. Inama mpaka mfereji uingie kwenye picha. Maji yanabeba anga wakati nyumba bado ziko gizani.

Angalia juu ya milango ya wapika pombe ya mchele. Utaona tufe kubwa limening'inia chini ya paa, limetengenezwa kwa matawi ya mti wa sugi. Linaitwa sugidama. Likitundikwa jipya ni la kijani, ishara kwamba pombe mpya imekamuliwa. Miezi ikipita linakauka na kuwa kahawia. Wewe unafika Oktoba, utalikuta limeiva rangi. Lisogelee. Watu wengi wanalipiga kwa mbali kama taa ya mtaani, hawaoni namna ncha za matawi zilivyokatwa moja moja hadi zikawa duara.

Saa moja asubuhi soko la Miyagawa linaanza kando ya mto, linaendelea hadi adhuhuri. Jingine liko mbele ya Takayama Jinya, ofisi ya zamani ya serikali. Ni akina mama wa mashambani, wanauza mboga, matufaa, maua, kachumbari ya tanipu nyekundu. Nunua kitu kwanza.

FundiWaTanga

Naomba niongeze la kwangu kama seremala. Mkuu, ukifika Takayama usipige nyumba tu, piga viungo vya mbao. Sehemu hiyo ya Hida, jina la zamani la eneo lenye Takayama, ilikuwa maskini kwa mpunga lakini tajiri kwa misitu na mafundi. Tangu karne ya 8, badala ya sehemu ya kodi, walipeleka maseremala kwenda kujenga majumba na mahekalu ya Nara, mji mkuu wa wakati ule. Fikiria, mikono ya fundi ndiyo ilikuwa kodi.

Nilikwenda kwa mafunzo ya kazi, nikapata siku mbili za kuzunguka. Nyumba ya Yoshijima ilinishika kooni. Ilijengwa upya mwaka 1907 baada ya moto. Ukiingia, sakafu ya chini ni giza, halafu unainua uso na kuona nguzo na boriti zimepishana hadi juu kabisa, na mwanga unaingia kwa madirisha ya juu ukishuka boriti moja baada ya nyingine. Nilikaa chini sakafuni karibu nusu saa. Ulizia siku za kufungua kabla hujaenda.

Takayama Jinya nayo usiache. Mwaka 1692 serikali ya ukoo wa Tokugawa, waliotawala Japani wakati huo, iliichukua Hida iwe chini yake moja kwa moja, na watawala wake wakafanyia kazi pale. Unavua viatu, unatembea juu ya mikeka ya tatami chumba hadi chumba. Kaa ndani, piga nje: milango ya kuteleza inakupa fremu, bustani inaingia katikati. Flashi zima kabisa, mbao zile zinataka mwanga wa pembeni.

Kijana_Lenzi

Kwa upande wa Gion chukua lenzi ndefu, 200 kwenda juu. Simama kona jioni wanapotoka, piga haraka. Wanatembea mbio sana hao.

BintiWaLamu

Kijana_Lenzi, mdogo wangu, hapana. Na mleta uzi, samahani kwa kuingia kwa nguvu, lakini hili linanigusa.

Wale wanawake wa Gion ni geiko, ndivyo geisha wanavyoitwa Kyoto, na maiko, wanafunzi wao, na wanapotembea jioni wanakwenda kazini. Wamewahi kukimbizwa, kuzingirwa, kuvutwa nguo, kwa ajili ya picha. Mwaka 2019 wenyeji wa mtaa wakaweka mabango kwamba kupiga picha kwenye vichochoro vya watu binafsi ni marufuku, na faini ikatajwa kuwa yen 10,000. Mwaka 2024 wakaenda mbele zaidi, baadhi ya vichochoro wakavifunga kwa watalii kabisa. Mtaa haufungi milango yake bila kuwa umechoshwa.

Nimekulia Lamu, ndani ya mji wa kale. Bibi yangu alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri, anapeta mchele. Mgeni mmoja alipita, akasimama kwa mbali, akainua lenzi ndefu kama hiyo unayoishauri. Bibi akavuta mtandio usoni, akaingia ndani na ungo wake, na siku nyingi hakutoka tena kukaa pale. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Lakini baraza lilikuwa lake, na siku ile alinyang'anywa.

Kwa hiyo mleta uzi, mtaa wa watu ni nyumba ya watu. Huko Takayama pia watu wanaishi. Anayefagia mbele ya duka, mwonyeshe kamera, inamisha kichwa, subiri. Akikataa, shukuru upite. Tripodi usiitandaze kwenye njia nyembamba, wala usiingie barazani kwa mtu kutafuta pembe nzuri.

Kijana_Lenzi

Dada nimekusikia. Sikuwa nimelitazama hivyo. Naomba radhi.

MwangaWaMeru (mleta uzi)

BintiWaLamu, ahsante sana. Nimesoma habari ya bibi mara mbili. Gion nimeitoa. Nitalala Takayama usiku mmoja, labda miwili. Sasa hiyo siku ya ziada niende wapi? Dada anataja Shirakawa-go, na nimesikia pia Hida no Sato. Na zile sherehe za magari makubwa ya mapambo je?

Nagoya_MwakaWaSita

Sherehe utakuwa umezikosa mkuu. Ya masika ni tarehe 14 na 15 Aprili, ya vuli ni 9 na 10 Oktoba. Na hata ukizipata, mvua ikinyesha magari hayatoki nje, ni ya thamani mno. Ila kuna jambo ambalo wengi wanalipita bila kujua: magari hayo yana maghala yake ndani ya mji, majengo meupe marefu membamba, yenye mlango mrefu ajabu katikati ya nyumba fupi. Yako sehemu mbalimbali. Ukianza kuyaona utayatafuta kila kona. Mchana, wakati Sanmachi imejaa, wewe zunguka kutafuta hayo. Kaskazini karibu na hekalu la Sakurayama Hachiman kuna jumba la maonyesho ambapo magari yenyewe yanaonekana mwaka mzima.

MamaWaMasafari

Nimefika kote kuwili, nikiwa na watoto wangu, kwa hiyo naongea kama mtu aliyebeba mabegi.

Shirakawa-go ni basi la kama dakika 50 kutoka Takayama. Kijiji chenyewe ni Ogimachi, kiko kwenye urithi wa dunia tangu 1995 pamoja na vijiji vya Gokayama. Nyumba zina paa za nyasi zenye mwinuko mkali, kama viganja viwili vilivyokutana kuomba dua, na jina lake, gassho, maana yake ni hiyo hiyo. Mwinuko ule ni kwa ajili ya theluji, huko inaanguka nyingi mno. Picha ya kutoka juu kilimani, kijiji chote chini, kila mtu anayo. Ipige, ni nzuri, usiione haya. Kisha shuka uende pembezoni mwa kijiji, kwenye mashamba ya mpunga, utazame paa moja kwa karibu: unene wa nyasi, mahali fundi alipozikata zikawa sawasawa, majani ya kijani yameota juu.

Moto ndio hofu yao kubwa pale, kwa hiyo sigara ni sehemu maalumu tu. Droni iache Arusha. Japani droni ya gramu 100 na kuendelea lazima iwe imesajiliwa, na juu ya paa za nyasi za watu haina kazi.

Lakini ukiniuliza kwa ajili ya picha, mimi ningekwenda Hida no Sato. Ni makumbusho ya wazi, dakika 10 hivi kwa basi kutoka stesheni ya Takayama. Nyumba za zamani zaidi ya 30 zimehamishiwa pale kuzunguka bwawa. Wanawasha moto kwenye mafiga ya katikati ya sakafu, ule moshi unakausha mbao na kufukuza wadudu. Asubuhi jua likipenya dirishani, moshi unaushika mwanga na unauona ukisimama ndani ya chumba kama kitambaa. Hakuna mtu anayeishi mle, kwa hiyo humsumbui mtu, tripodi yako itapumua, na utachukua muda wako. Kwa mtu aliyezoea watu waliojipanga, pale ni mahali pa kujifunza kusubiri mwanga ujipange.

Vaa nguo nzito. Alfajiri ya mwisho wa Oktoba ni baridi kweli, na betri inakufa upesi. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

FundiWaTanga

Naunga mkono Hida no Sato. Na kama utakuwa na siku nyingine ukiwa Nagoya, kuna Tsumago, mji mdogo wa zamani katika bonde la Kiso. Mwaka 1971 wenyeji walikubaliana: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Unaweza kutembea kwa miguu kutoka Magome, mji jirani, kama kilomita 8 za njia ya zamani msituni.

MwangaWaMeru (mleta uzi)

MREJESHO. Wakuu nimerudi Nagoya jana usiku, nimelala Takayama siku mbili.

Asubuhi ya kwanza hapakuwa na ukungu hata kidogo, daraja lilikuwa jekundu tu, picha ya kawaida. Ya pili nilifika kukiwa giza. Ukungu ukaja kutoka upande wa mlimani, ukafunika nguzo za daraja, ikabaki ile reli ya juu inaelea. Nilipiga picha nne tu, mikono ilikuwa inakufa ganzi. Betri kweli ilikata, Mama, ile ya mfuko wa ndani ndiyo iliyoniokoa.

Sugidama nililisogelea. Ncha za matawi zina rangi ya chai ya rangi, na ndani kabisa, kwenye kivuli, bado kuna ukijani kidogo. Nimefurahi sana na picha ile.

Hida no Sato nilikaa saa tatu katika nyumba moja. Mzee mtunzaji aliongeza kuni, moshi ukapanda, mwanga ukakatika na kurudi. Sikumbuki mara ya mwisho nimekaa muda mrefu hivyo bila kumwambia mtu yeyote ageuze shingo.

Sokoni nilinunua tanipu kwa mama mmoja mzee. Nikaonyesha kamera, nikainamisha kichwa. Akatikisa kichwa, akaweka kiganja mbele ya uso. Nikashukuru nikaanza kuondoka. Akaniita. Akatandaza mikono yake miwili juu ya tanipu, akaielekeza kwa kidevu: hii, sawa. Vidole vyote vilikuwa na rangi ya zambarau hadi kwenye kucha. Leo tumechapisha nakala, na dada ataipeleka mwenyewe akipanda huko Desemba.

BintiWaLamu

Mungu akubariki kaka. Tuwekee basi tuone.

MwangaWaMeru (mleta uzi)

Ya daraja, ya moshi na ya sugidama naweka leo jioni. Ya mikono ya yule mama wa sokoni siiweki, sikumwomba ruhusa ya kuitangaza. Ukipita Arusha utaikuta ukutani.