Pampu kuacha kuvuta maji ya bahari katikati ya kazi

Swali (Mikindani): Ndugu zangu, habari za kazi. Jana katika mazoezi kando ya ghuba, pampu ya gari letu la zimamoto ilivuta vizuri kwa dakika 20 hivi, kisha mshale wa geji ukaanza kucheza, pampu ikanguruma kana kwamba ina kokoto, na mpira ukalegea mikononi mwa mwenzangu. Niliongeza mwendo wa injini, hali ikazidi kuwa mbaya. Nilikosea wapi?

Jibu (Lindi): Kaka, sauti hiyo ni ya viputo vya mvuke vinavyopasuka ndani ya pampu inayotakiwa kutoa maji mengi kuliko inayoyapata, kwa hiyo kuongeza mwendo ni kuiumiza. Punguza mwendo, ufunge njia moja ya kutolea. Je, maji yalikuwa yanapwa, pampu ikalazimika kuyapandisha kutoka chini zaidi? Kumbuka kwamba kinachopandisha maji ni uzito wa hewa ya nje, ambao hata kinadharia hauyafikishi juu ya mita 10.3, na kazini tukivuka mita 7 huwa tumebahatika.

Jibu (Mtwara): Chujio la mwisho wa mpira wa kuvutia maji nalo lizame angalau sentimita 60, la sivyo maji huzunguka kama kwenye tundu la sinki na kuvuta hewa. Na tafadhali, ndugu yangu, isafishe pampu kwa maji baridi leo hii, kwani chumvi haisubiri.

Muulizaji: Asanteni sana. Yalikuwa yanapwa kweli, tena ya bamvua, yale yanayoshuka kupita kawaida, na tulipotazama chujio tuliliona limeegemea mchanga, nusu yake iko nje. Kuisafisha tulisahau, naenda sasa hivi.