Tupeane uzoefu: nani kajaribu kupika chai za nchi za watu kwa majani yetu haya?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nimeaibika mbele ya mama mkwe, nikaona nisibaki na aibu peke yangu.

Nilikuwa nimeona wanavyopika chai ya Moroko: birika, nanaa, sukari, halafu inamiminwa kutoka juu mpaka glasi inafanya povu. Nikajisemea, hii nayo kazi? Nikachuma nanaa yangu iliyoko kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nikatupia vijiko vitatu vya majani ya kawaida ya dukani kwa Mangi, nikachemsha kama tunavyochemsha siku zote. Ikatoka nyeusi tii, nanaa husikii hata harufu. Mama mkwe akaonja, akaweka glasi chini taratibu, akauliza, "Mwanangu, hii ni ya kikohozi au ni ya kunywa tu?" Ile ya kumimina kutoka juu ndiyo sisemi. Nusu ilinywewa na kitambaa cha meza.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Wamoroko wanatumia majani ya kijani kutoka China, yaliyoviringwa vipunje vidogo vigumu mpaka yakapewa jina la baruti. Haya yetu ya Mufindi, Rungwe na Usambara, mengi yanapitishwa kwenye mashine zinazoyasaga na kuyaviringa kuwa chenga, ndiyo maana yakigusa maji tu rangi imetoka. Yanapendeza na maziwa. Ukiyakutanisha na nanaa, nanaa inaliwa mzimamzima.

Ya kijani nikayapata kwenye duka moja la viungo mjini. Safari hii kijiko kimoja cha majani, maji ya moto kidogo, nikatikisa birika nikayamwaga yale maji ya kwanza kupunguza uchungu. Kisha maji mengine, nanaa fungu zima, na sukari bila huruma. Hapo sasa ikawa chai.

Haya, tupeane uzoefu. Umepika ipi, ikakushindia wapi, ukabadilisha nini? Kama umesoma tu hujapika, kaa pembeni usikilize.

Mama wa Majengo (Moshi)

Pole baba, hiyo ya kikohozi nimecheka mpaka majirani wamesikia.

Mimi ilinitesa ile chai ya pinki ya Kashmir. Rangi ile haitoki kwenye chupa, inatoka kwenye majani ya kijani yakichemshwa muda mrefu na soda kidogo, si ile ya kunywa. Kusikia soda, mimi Mchaga niliyekulia kwenye ndizi za magadi, nikaenda kuchukua bonge langu la magadi jikoni, nikakwangua nikatia. Jamani. Ilinukia chungu cha maharage, na chumvi yake ni ya ardhini kabisa. Nikamwagia migomba.

Mara ya pili nikatumia bikaboneti, ile ya unga mweupe, tena ncha ya kijiko tu. Angalieni msichukue hamira ya keki (baking powder) mkidhani ni kitu kimoja. Nikaweka jiko la mkaa, nikaacha itokote mpaka maji yakawa mekundu ya damu ya mzee. Hapo sasa ndipo penye siri: unatia maji ya baridi sana kwa ghafla, halafu unachota kwa upawa na kumwaga humo humo, unachota na kumwaga, mpaka mkono uchoke. Ile hewa ndiyo inayokoza wekundu. Ukitia maziwa, unaona pinki inakuja yenyewe. Mjukuu wangu alipiga kelele.

Kwao inanywewa na chumvi. Mimi nilitia chumvi kikombe kimoja kwa heshima yao, vilivyobaki nikatia sukari.

Mpishi wa mlimani (Machame)

Shikamoo mama. Mimi kazi yangu ni kupikia wageni mlimani, kwa hiyo chai naijua kwa upande mwingine. Pale kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Unaona yanatokota, mvuke unafuka, mgeni anafurahi, lakini chai haikolei. Wapishi wageni wanaongeza majani tu na chai inakuwa chungu bila kukolea. Sisi tunaacha majani yatulie kwenye chupa ya chai iliyofungwa vizuri, dakika kumi na zaidi. Hata hapo Arusha mjini, kwa kuwa mko mita 1,400 hivi, maji yenu hayafiki 100, yanaishia kama 95. Chai ya pwani na ya kwenu haziwezi kuwa sawa.

Ndiyo maana nikawapenda Watibeti. Wanaishi juu huko, wanachemsha majani saa nyingi mpaka yanatoa kila kitu, halafu wanasukasuka na siagi ya yaki (ng'ombe wao wa manyoya marefu) na chumvi. Nikajaribu nyumbani na siagi yetu. Ya kusukia sina, nikaazima kibuyu cha maziwa kwa shemeji yangu Mwarusha. Kosa hilo. Kibuyu kimefukizwa kwa kijinga cha moto miaka yote, chai ikatoka na moshi, siagi na chumvi. Watoto walikimbia. Mke wangu alionja akasema, "Mbona mmesahau nyama?" Na kweli, ukiacha kuiita chai ukaiita supu, inapita vizuri. Sasa hivi nasukia kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, nasubiri ipoe kidogo kwanza isije ikanilipukia.

Binti wa Njiro

Mimi ni ile ya Taiwan yenye vidonge vyeusi chini, waliyoianza miaka ya 1980. Nilipojua vile vidonge ni muhogo nikasema hiki chetu kabisa. Nikachukua unga wa muhogo wa ugali, nikafinyanga, nikatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vikayeyuka vyote, nikabaki na uji.

Kumbe si unga, ni wanga. Nikachukua muhogo mtamu (ule mchungu achaneni nao), nikakwaruza, nikakamua kwa kitambaa safi, maji nikayaacha yatulie kwenye beseni. Asubuhi chini kuna tope jeupe gumu, huo ndio wanga. Nikaanika. Unauchanganya na maji yaliyochemka na sukari guru, yawe ya moto kweli la sivyo haushikani, halafu unakanda haraka huku vidole vinaungua. Mimi na mdogo wangu tuliviringa vidonge kwa mwanga wa simu maana umeme ulikatika, vingine vikubwa kama gololi. Tukachemsha karibu nusu saa. Mrija wa kupitisha gololi hakuna, tulikula kwa kijiko.

Chai yake ndiyo rahisi. Majani yetu na maziwa, hapo yanafaa sana.

Mzee wa Usa River

Vijana, mnazungumzia majani na kibuyu, maji hamyataji. Mimi nipo jirani na Maji ya Chai, jina lenyewe limetokana na mto ambao maji yake yana rangi hiyo kabla hujatia jani hata moja. Huku Arumeru floridi, ile madini ya kwenye maji inayotia meno rangi ya kahawia, iko juu, meno ya wengi wetu ni ushahidi. Kuchemsha hakuiondoi, na ukichemsha saa nzima kama mama wa Majengo maji yakapungua, inazidi kukolea. Na majani ya chai nayo yana floridi yake. Hizi chai zenu za kutokota mimi napikia maji ya mvua ya bati, nikishaacha mvua ya kwanza ioshe paa. Hata ule utando wa juu ya kikombe unapungua.

Mdau wa Kilombero

Mbona hakuna aliyetaja chai ya masala? Au siku hizi imekuwa ya kwetu?

Mama wa Majengo (Moshi)

Ya kwetu hiyo, acha uchokozi. Mzee, asante kwa hilo la maji, nina tangi, nitachota humo.

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Mzee wangu shikamoo, hilo la maji sikulifikiria kabisa. Binti wa Njiro, wanga ukibaki nitafute.

Mrejesho: mama mkwe kapiga simu leo anauliza ile chai ya povu inapikwa tena lini. Kasema kumimina nimwachie yeye, mimi nishike kitambaa.