Wodi za Mombasa: madirisha au kiyoyozi?

MwanaKibokoni: Hospitali zinazojengwa siku hizi Pwani ni vioo vitupu na viyoyozi. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020 tulijionea. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, chazungusha ile ile aliyoipumua mgonjwa. Mie nasema madirisha pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. Na wauguzi wapate chumba cha kupumzika. Mwasemaje?

FundiTudor: Machi ndiyo Kaskazi imelegea na Kusi haijaingia. Upepo gani huo? Na chumba cha kupumzika cha nini? Watu wameajiriwa kuhudumia, si kulala.

NesiLikoni: Kaka Fundi, kulala? Nimeshinda ndani ya yale mavazi ya kujikinga kwa muda wa saa sita, sinywi maji nisije nikabanwa, maana ukivua huvai tena yale yale, na mapya hayakuwapo. Chakula twala kwenye stoo ya mashuka, haina dirisha, watu watano, barakoa tumezivua. Wenzangu watatu waliugua ndani ya wiki moja!

FundiTudor: Pole dada. Lakini wajuaje ni stoo? Na feri ya Likoni nayo ilijaa watu.

NesiLikoni: Feri yapigwa na upepo wa bahari. Stoo yapigwa na nini?

MamaMajengo: Wanangu, wazee walijua. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe na ua katikati, hewa yapita bila umeme.

KijanaBamburi: Mama, si ndio huo Mji wa Kale uliofungwa Mei 2020?

MamaMajengo: Ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa, si kwa ubovu wa nyumba! Nyinyi mliokuja juzi ndio mlioziba nyua mkajenga vyumba vya kupangisha. Usinifunze Mji wa Kale.

KijanaBamburi: Mie nimezaliwa hapa, mama. Juzi gani?

MwanaKibokoni: Jamani, wodi! Hospitali ya Butaro kule Rwanda, tangu 2011, wana madirisha makubwa na feni pana za dari, ili kifua kikuu kisiambukizwe wodini.

KijanaBamburi: Butaro ni milimani, baridi. Na hiyo juzi bado sijajibiwa.

FundiTudor: Feni za dari nakubali, na baraza ya kukinga jua. Dada Nesi, bafu la wafanyakazi lilikuwapo?

NesiLikoni: Halikuwapo. Nilikuwa naoga kwa ndoo uani, usiku, mwanangu anitazama dirishani analia nimbebe.

FundiTudor: Basi hilo bafu lianze kuchorwa kabla ya wodi yenyewe.