Ford 8N ya 1949: kutoka volti 6 kwenda 12

MkulimaBaridi
Shikamooni wakubwa. Nina trekta, Ford 8N ya 1949, nimeinunua kwa mzee jirani hapa Minnesota. Inasukuma theluji, na mwezi wa tano inalima bustani ya sukuma ya mke wangu. Umeme ni wa kiwandani: betri ya volti 6, ethi (waya unaofungwa kwenye bodi) iko kwenye chanya, na dainamo ya kuchaji betri. Kiangazi haina neno, ila baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri stata (mota ya kuwashia injini) inasuasua mpaka inalala. Nataka volti 12 na altaneta (ya kuchaji badala ya dainamo), nifunge na taa za LED. Stata nayo nibadilishe?

SpanaKumiNaTisa
Marahaba. Kabla hujatoa hela, nyaya zako za betri zina unene gani? Volti 6 inadai ampea maradufu kwa kazi ileile. Watu wananunua nyaya za gari dogo la volti 12, wanafunga, kisha wanailaani Ford. Piga stata, halafu shika waya: ukiwa wa moto, mchawi ndiye huyo. Pale ethi inapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Hizo 8N zilianza kuuzwa 1947, na majira ya baridi yenu yalikuwepo.

Stata iache. Itazunguka kwa kasi kuliko ilivyozoea, ila usiikandamize muda mrefu.

MkulimaBaridi
Mzee, waya ni wa moto kweli, na ni mwembamba. Nitaweka mnene. Lakini taa bado nazitaka, kwa hiyo 12 naifunga tu.

MamaGereji
Basi kaka, ukifunga altaneta ethi inahamia kwenye hasi. Ukiisahau hiyo, daiodi za ndani (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua siku ya kwanza. Katauti au regyuleta ya dainamo, kifaa kinachodhibiti chaji yake, itoe kabisa. Ampmita (saa ya kuonyesha chaji) inabaki, geuza tu nyaya zake nyuma, la sivyo itaonyesha inamaliza betri wakati inachaji. Balbu zote za volti 6 badilisha.

Altaneta ya nyaya tatu iwekee daiodi kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye swichi. Bila hiyo unazima swichi na injini inaendelea kunguruma, maana altaneta inairudishia umeme koili, ile inayotengeneza cheche za plagi.

Solenoidi (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata) ukinunua mpya, kuwa makini: kitufe cha 8N hakipeleki umeme, kinapeleka ethi. Ya gari la kawaida haitaitika.

MkulimaBaridi
Asante dada. Distibuta yangu, ile inayogawa cheche kwa plagi, ni ya mbele, koili ya mraba imekaa juu yake. Nayo je?

SpanaKumiNaTisa
Hapo ndipo wengi wanapounguza vitu. Koili ya volti 6 ukiipa 12 moja kwa moja, ampea zinakuwa mara mbili na joto mara nne. Nunua ya volti 12, na usiamini maandishi ya boksi, ipime kwa mita. Platini, zile swichi ndogo ndani ya distibuta, hazitaki zaidi ya ampea 4. Altaneta ikichaji unapata kama volti 14, kwa hiyo koili na rezista (kipunguza umeme) kwa pamoja zisipungue omu 3.5. Rezista ya zamani iliyo nyuma ya dashibodi usiitupe kabla ya kupiga hesabu hiyo. Ukishapima koili niandikie namba, nikwambie kama inatosha au uongeze nyingine.

MkulimaBaridi
Omu 2.6 koili peke yake.

SpanaKumiNaTisa
Ongeza rezista ya omu 1.